Yolaine, msukuma vitanda aliyejua lestoma iko wapi

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Yolaine Sautron anafunga breki ya kitanda kwa ncha ya kiatu, anainama mpaka uso wake unalingana na wa mgonjwa, kisha anauliza swali ambalo halimo kwenye karatasi aliyopewa.

"Bibi, unaumwa wapi? Usiniambie. Nionyeshe."

Bibi aliyelala kitandani anatoa mkono ndani ya shuka na kugusa goti la kulia. Karatasi nayo inasema goti la kulia. Yolaine anafungua breki na safari inaanza: lifti, korido ndefu yenye harufu ya kahawa na dawa ya sakafu, kisha mlango wa eksirei.

"Unaniuliza kana kwamba hujui kusoma," bibi anamtania.

"Kusoma najua, bibi. Nisichojua ni kama aliyeandika alikusikia."

Yolaine ana miaka 51. Ni mfupi, mabega yake ni mapana, na nywele huzifunga kwa kitambaa cha kijani ambacho si sehemu ya sare. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akisukuma vitanda katika hospitali moja ya pwani ya kusini mwa kisiwa cha Réunion. Uongozi wa hospitali umekubali mwandishi aingie kwa sharti kwamba jina la hospitali lisitajwe.

Kwa zamu moja husukuma wagonjwa kati ya ishirini na tano na thelathini. Simu yake, inayohesabu hatua, humwambia kila jioni kwamba ametembea kilomita kumi na nne bila kutoka nje ya jengo. Mshahara wake ni euro 1,640 kwa mwezi. Katika kisiwa ambako hata kitunguu hufika kwa meli, pesa hizo haziruhusu mtu kujidai.

Wenzake wa zamu hawamwiti Yolaine. Wanamwita Lestoma.

"Lestoma! Kitanda namba tisa!" mmoja anaita kutoka mlangoni.

"Nakuja, na wewe acha kelele, watu wanalala," anajibu bila kugeuka.

Jina hilo alilipata miaka mitatu iliyopita, siku ya Alhamisi mwezi Februari, wakati homa ya dengue ilikuwa imejaza idara ya dharura hadi wagonjwa wakawa wanasubiri kwenye viti vya bustanini.

Miongoni mwao alikuwa Nazaire Vitry, mkulima wa vanila kutoka Saint-Philippe, wakati huo akiwa na miaka 66. Jirani yake alimleta kwa pikapu, akamshusha mlangoni na kwenda kutafuta mahali pa kuegesha. Mzee alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Watu wa kule hawaendi kwa daktari na nguo za shamba.

Aliyempokea ni Daktari Aurélien Castaing, kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Ufaransa, aliyekuwa na siku kumi na moja tu kisiwani. Wageni kama yeye hapa huitwa zorey. Alikuwa hajalala vizuri kwa siku tatu.

Alimuuliza mzee anaumwa nini. Mzee akajibu kwa Krioli, lugha pekee aliyoizoea, kwamba lestoma inamuuma tangu usiku.

Daktari alilitambua neno hilo. Kwa Kifaransa cha shuleni, estomac ni tumbo, lile la ndani linalopokea chakula. Akambonyeza mzee chini ya mbavu. "Panauma hapa?" Mzee akasema ndiyo, kidogo.

"Ningesemaje?" Nazaire alieleza tulipomtembelea nyumbani kwake, akiwa amekaa barazani na kikapu cha maganda ya vanila miguuni. "Daktari anakubonyeza, amesoma miaka kumi, halafu wewe umwambie hapana, si hapo? Na ukibonyezwa kwa nguvu vile, panauma kweli."

Daktari akaandika: maumivu ya tumbo. Akampa dawa ya kiungulia, akaagiza apelekwe kupigwa picha ya tumbo, bila haraka. Karatasi ikawekwa kwenye kisanduku. Dakika hamsini baadaye Yolaine akaichukua.

Anasema mwanzoni hakuona chochote cha ajabu. Mzee alikuwa kimya, na wazee wengi huwa kimya wakisukumwa, maana wanaona aibu kulala huku watu wakipita. Walipofika mbele ya lifti, mzee akamshika mkono.

"Mwanangu," alimuuliza, "kwa nini yule kijana ananibonyeza tumbo wakati ni lestoma inayoniuma?"

Yolaine akafunga breki.

Katika Krioli ya Réunion, lestoma si tumbo. Tumbo lina jina lake. Lestoma ni kifua.

"Nilimwambia, mjomba, nionyeshe kwa mkono," anakumbuka. "Akakunja ngumi akaiweka hapa, katikati. Nikatazama paji la uso wake, jasho. Nikamshika vidole, baridi kama samaki. Nikamuuliza mkono wa kushoto vipi. Akasema huo mzito tangu asubuhi, alidhani ameulalia."

Msukuma vitanda haruhusiwi kubadilisha safari ya mgonjwa. Akiwa na wasiwasi anatakiwa apige simu kwa aliyempa karatasi na asubiri. Yolaine alipiga. Simu iliita mara nane bila kupokewa. Lifti ilifunguka, ikafungwa, ikaondoka.

Akageuza kitanda.

Wanaokumbuka siku ile wanasema walimsikia kabla ya kumwona. Aliingia idara ya dharura akisukuma kitanda mbio, akiwapigia watu kelele wasogeze miguu, akamkuta Daktari Castaing akimshona mtoto kidevu.

"Daktari, huyu ni moyo."

"Bi Sautron, imeandikwa tumbo."

"Imeandikwa na wewe! Yeye hakusema tumbo!"

"Amesema estomac. Nimemsikia mwenyewe."

"Amesema lestoma! Kifua! Kifua, daktari, kifua!" Na akajipiga kifua chake mwenyewe mara tatu mbele ya chumba kizima.

Daktari alimwambia atoke nje. Hakutoka. Aliyemaliza ubishi ule alikuwa Bernadette Guilbaud, muuguzi mkuu wa zamu, mama wa makamo kutoka Vendée, magharibi mwa Ufaransa, aliyekuwa ameishi kisiwani miaka ishirini na miwili. Alifungua shati la kanisani la Nazaire na kumbandika waya za kipimo cha moyo. Karatasi ikaanza kutoka kwenye mashine. Guilbaud akaitazama, akaikata, akampa daktari.

Yolaine anasema uso wa daktari ulibadilika ukawa kama wa mtoto.

Dakika arobaini baadaye Nazaire Vitry alikuwa chumba cha mishipa ya moyo. Mishipa miwili ilikuwa imeziba. Ilizibuliwa na kuwekewa vibomba vidogo. Daktari wa moyo alimwambia jirani wa Nazaire, aliyekuwa bado anamtafuta jengo zima, kwamba wangechelewa nusu saa nyingine asingekuwa na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Hapo hadithi ingeweza kuisha vizuri. Wiki tatu baadaye Yolaine alipokea barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu.

Makosa yalikuwa matatu: kubadilisha safari ya mgonjwa bila idhini, kumpigia daktari kelele mbele ya wagonjwa, na kumchelewesha mgonjwa mwingine aliyekuwa akisubiriwa chumba cha upasuaji. La tatu lilikuwa kweli, na Yolaine anakiri lilimuuma. Mama mmoja aliyevunjika nyonga alisubiri dakika ishirini na tano kwa sababu yake.

"Na kama ungekosea?" mkuu wa utumishi alimuuliza kikaoni. "Kama lingekuwa tumbo kweli?"

"Ningekuwa nimemzungusha mzee bure, bwana. Angepanda lifti ya pili."

Jibu hilo halikuwafurahisha. Kisha mjumbe mmoja akasema maneno ambayo Yolaine anayakumbuka hadi leo. Alisema tatizo halikuwa la daktari. Tatizo ni kwamba wagonjwa wa Krioli hawajui majina sahihi ya viungo vyao wenyewe, na hospitali haiwezi kufanya kazi kwa makosa ya Kifaransa.

"Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani," anasema. "Ndivyo nilivyofundishwa na mimi."

Akiwa na miaka tisa, darasani, mwalimu aligawa picha ya mwili wa mtu ili watoto waandike majina ya viungo. Yolaine aliandika lestoma kwenye kifua, kwa mwandiko mzuri. Mwalimu alikata kwa kalamu nyekundu, akampa sifuri, akamsimamisha mbele ya darasa, mkono juu ya tumbo, akirudia neno lile mpaka kengele ya mapumziko. Wenzake walicheka. Jioni alipomwambia mama yake kwamba lestoma iko tumboni, mama naye alicheka, akamuuliza kama huko shuleni wanakula kwa miguu.

"Tangu siku ile nilijua kuna miili miwili," anasema. "Wa shuleni na wa nyumbani. Nikiwa na miaka kumi na sita niliacha shule, nikabaki na wa nyumbani."

Kwenye kikao kile, aliyesimama kumtetea ni Guilbaud, ambaye alikuwa ameitwa kama shahidi tu.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, ambazo Yolaine anazo kwenye bahasha, Guilbaud alisema hivi: "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya wakulima, kule kwenye vinamasi vya Vendée. Hakuna mtu mweusi wala Krioli aliyewahi kukanyaga pale. Bibi yangu akikohoa alishika hapa," na akashika kifua, "akisema estomac inamuuma. Mama yangu mpaka leo anasema hivyo hivyo. Nilipofika kisiwa hiki na kuwasikia wazee wakisema lestoma, nilidhani ninawasikia watu wa kwetu. Sasa nisaidieni, mabwana: bibi yangu naye alikuwa hajui mwili wake?"

Mkuu wa utumishi alimwomba akae. Hakukaa.

"Na neno hili lina maana ya tatu," aliendelea, "ambayo hata ninyi mnaitumia. Mkisema mtu ana estomac, mnamaanisha ana ujasiri. Basi andikeni kwenye faili la huyu dada kwamba analo."

Mtu mmoja alicheka. Ilibidi kikao kiahirishwe kwa dakika tano.

Yolaine hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi kwa ajili ya zile kelele, na onyo hilo bado limo kwenye faili lake. Hajaomba liondolewe. "Kelele nilipiga," anasema, akiinua mabega.

Ili kuelewa neno hilo limetoka wapi, tulimtafuta Roland Moutama, mwalimu mstaafu wa Saint-Joseph ambaye kwa miaka thelathini amekusanya maneno ya Krioli kwenye vikadi anavyovihifadhi katika makopo ya biskuti. Kopo la herufi L lilikuwa chini ya kitanda.

"Neno hili halina adabu, linatembea mwili mzima," alisema. "Kwa Wagiriki wa kale lilianzia mdomoni, likashuka kooni. Kwa Warumi likafika tumboni. Kisha vijijini magharibi mwa Ufaransa, Normandy huko, Poitou, Vendée, likapanda tena likatulia kifuani. Paris wamelirudisha chini. Sasa nani kakosea?"

Anasema mabaharia na walowezi wa mwanzo walitoka zaidi bandari za magharibi, wakaja na lestoma ya kifuani, na watumwa waliotoka Madagaska na pwani ya Msumbiji wakajifunza kwao. Lakini ana kikadi kingine anachokipenda zaidi. Kinasema kwamba miaka mia nne hivi iliyopita watu wa heshima kule Ufaransa waliona haya kutamka neno la kawaida la kifua, kwa sababu wachinjaji walilitumia kwa kifua cha ndama. Wakaona bora waseme estomac.

"Kwa hiyo inawezekana mzee Nazaire anaongea kama bibi wa kasri," alisema Moutama, akicheka mpaka akakohoa. "Haiti wanagusa kifua, Guadeloupe kifua, Shelisheli kifua. Mauritius ukiuliza watu wawili utapata majibu matatu. Mimi siwezi kuapa lilipita njia gani. Pengine zote mbili."

Daktari Castaing sasa anafanya kazi kaskazini mwa kisiwa, katika kitengo cha moyo. Kwa simu, hakujitetea.

"Lingekuwa neno geni ningeuliza," alisema. "Shida ni kwamba nililijua. Ndiyo maana sikuuliza."

Yolaine anasimulia kwamba kwa mwezi mzima baada ya tukio daktari huyo alikuwa akimpita koridoni akitazama sakafu. Siku moja, kwenye kantini, akaja na sinia lake na kusimama mbele ya meza ya wasukuma vitanda.

"Bi Sautron, naomba kukaa."

"Kiti si changu, ni cha serikali."

Akakaa. Akasema anataka kufundishwa majina ya mwili kwa Krioli. Yolaine akamsogezea bakuli la pilipili ya kusagwa na maembe mabichi.

"Kwanza hiyo. Mtu asiyekula pilipili hawezi kutamka vizuri."

Alikula. Machozi yakamtoka, meza nzima ikapiga makofi. Wakaendelea hivyo kila Jumanne kwa miezi saba, kuanzia kichwani kwenda chini. Walipofika sehemu fulani za katikati, Yolaine anasema, daktari alijifunza haraka kuliko kwingine kote.

Masomo hayo ya kantini ndiyo yaliyozaa kadi inayoning'inia leo kwenye kila kitanda cha idara ya dharura: mchoro wa mwili usio na neno lolote, mgonjwa aguse tu panapouma. Na kila Novemba, madaktari wapya wakiwasili, Yolaine hupewa dakika ishirini za kuzungumza nao. Halipwi kwa hilo. Hutoka kwenye zamu akiwa na sare yake, huongea, hurudi kwenye zamu.

"Wengine wanaandika," anasema. "Wengine wanatazama simu. Mwaka jana mmoja aliniuliza kama hilo si jambo la zamani, la wazee tu. Nikamwambia, daktari, idara ya dharura unadhani inajaa akina nani?"

Nazaire Vitry hurudi kliniki kila miezi sita. Kila safari humletea Yolaine maganda matatu ya vanila yaliyofungwa kwa gazeti. Tulipomuuliza kama anamlaumu daktari, alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Lakini angenibonyeza pote. Ningesema ndiyo pote, halafu angeshangaa, angeuliza tena."

Mwaka jana Bernadette Guilbaud alistaafu na kurudi Vendée kumtunza mama yake, Léontine, mwenye miaka 91, anayeishi katika nyumba ya wazee. Guilbaud na Yolaine huongea kwa simu Jumapili mchana. Mara nyingi ni umbea wa hospitali tu.

Jumapili moja ya Desemba, Guilbaud alipiga akiwa analia.

Mama yake alikuwa amemwambia mhudumu kijana kwamba estomac inamuuma. Mhudumu, binti mwema aliyekulia mjini, alimpa dawa ya gesi ya tumbo. Usiku wa pili akampa tena. Siku ya tatu bibi alikuwa anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Ilikuwa nimonia.

"Nitakwambia ukweli, mwanzoni nilicheka," anasema Yolaine, na sauti yake inashuka. "Nilicheka! Mzungu, kwao, kwenye kijiji chake, hawamwelewi. Kisha nikamsikia Bernadette anavyolia nikakaa chini jikoni. Nikamwambia mama atapona. Sikujua, lakini nilimwambia."

Bibi Léontine alipona, ingawa hatembei tena. Yolaine aliituma ile kadi ya mchoro kwa posta, nakala kumi na mbili. Guilbaud alizitundika mwenyewe, chumba kwa chumba. Mkuu wa nyumba ile ya wazee alimuuliza nani aliichora. Akajibu kwamba ni msukuma vitanda mmoja wa Réunion.

Sasa Yolaine ana mpango ambao umeishangaza familia yake. Hajawahi kupanda ndege. Alikuwa ameomba likizo ya Mei, kukiwa na joto kidogo kule, ili akamwone bibi Léontine. Wiki iliyopita Guilbaud alimwambia asisubiri Mei, bibi anazidi kudhoofika. Yolaine akaenda kwa mkuu wa utumishi, yule yule wa kikao, kuomba likizo isogezwe hadi Machi. Mkuu huyo alisaini bila kuuliza.

Dada yake amemcheka. "Masaa kumi na moja angani, ukamsalimie kikongwe usiyemjua? Kwani huku wazee wamekwisha?" Jirani amemwazima koti la baridi ambalo mikono yake inapita vidole.

Anasema hana la kumfundisha mtu huko, wala hajui kama Krioli yake na lugha ya kijijini ya yule bibi zitaelewana. Atakaa naye siku nne. Atampikia, kama wenye nyumba ile watamruhusu kugusa jiko. Na ana jambo moja analotaka kurudi nalo kwenye simu yake, kwa ajili ya madaktari wa Novemba.

"Nataka nimsikie bibi mzungu wa miaka tisini na moja akilitamka lile neno, mkono wake ukiwa hapa," anasema, akiweka kiganja kifuani. "Nitamrekodi. Novemba nitawasikilizisha mara moja, halafu nitakaa chini. Sitaongeza neno."

Simu yake inaita. Ni kitanda namba kumi na nne, ghorofa ya pili. Anatazama tarehe kwenye kioo kabla ya kupokea. Zimebaki siku kumi na tisa kabla ya ndege.